Tarehe zimepangika vibaya, na za usiku zinarudi jana

SWALI: Natengeneza ukurasa wa PHP na MySQL wa kuorodhesha dagaa wanaopokelewa mwaloni. Tarehe zilikuwa zinatoka 2024-03-28. Nilipotumia DATE_FORMAT zikawa 28/03/2024, lakini sasa 01/04/2024 inatangulia 28/03/2024. Tena mtumbwi ukifika saa 7:30 usiku unaandikiwa tarehe ya jana. Nimekosea wapi?
Msomaji, Kirumba, Mwanza

JIBU: Makosa ni mawili, na hayahusiani. Bila shaka amri yako inafanana na hii:

SELECT DATE_FORMAT(tarehe, '%d/%m/%Y') AS tarehe FROM mapokezi ORDER BY tarehe;

Tarehe iliyopambwa umeipa jina lilelile la safu (column) ya jedwali. MySQL ikifika kwenye ORDER BY huangalia kwanza majina uliyoyatunga kwenye SELECT, ndipo iende kwenye jedwali. Kwa hiyo inapanga maandishi: 0 ya "01" inatangulia 2 ya "28", basi. Mwezi hata hauangaliwi. Andika AS tarehe_onyesho, ORDER BY tarehe ibaki ilivyo. Wapo wanaokimbilia kugeuza safu iwe VARCHAR, yaani ya maandishi, na kuhifadhi 28/03/2024 humo humo. Usithubutu; siku ukitaka mapokezi ya wiki moja kwa BETWEEN (kuanzia tarehe fulani hadi fulani) utajuta.

Chunga na herufi: %m ni mwezi, dakika ni %i. Ukiandika %H:%m, 09:40 ya mwezi Machi itasomeka 09:03, na kosa hilo hujificha kwa sababu linafanana na saa halali.

Hiyo ya usiku inatokana na seva kufuata UTC, saa ya kimataifa, iliyo nyuma yetu kwa saa 3. Saa 7:30 usiku wa kuamkia tarehe 1, kwenye seva bado ni 22:30 ya tarehe 31. Duka la mchana lisingeligundua, ila dagaa huvuliwa usiku. Kila ukishaunganisha PHP na MySQL, tuma:

SET time_zone = '+03:00';

Tanzania haisogezi saa kwa msimu, hivyo namba hiyo inafaa mwaka mzima. Upande wa PHP weka date_default_timezone_set('Africa/Dar_es_Salaam').

Rekodi za zamani zilizoingizwa kwa NOW() (saa ya seva ya wakati huo): safu ikiwa TIMESTAMP, zitasomeka sawa zenyewe, kwa kuwa MySQL huigeuza kufuata time_zone uliyoweka. Ikiwa DATETIME, ambayo haigeuzwi, simamisha uingizaji, nakili jedwali, kisha endesha hii mara moja tu kabla ya kupokea rekodi mpya:

UPDATE mapokezi SET tarehe = tarehe + INTERVAL 3 HOUR;