Miaka 21 si kuchelewa: mtazameni Ian Wright

Mleta uzi anauliza kama mdogo wake wa miaka 21, straika wa mchangani ambaye hajawahi kupita akademi yoyote, aendelee kuhangaika na majaribio au atafute kazi nyingine. Wengi hapo juu wamemjibu kwamba umri umeshamtupa mkono. Mimi nimefundisha timu ya mtaani huku Temeke kwa miaka mingi, na vijana wa namna hiyo huwa nawasimulia habari za mtu mmoja: Ian Wright, straika wa zamani wa Arsenal na England.

Wright alizaliwa Woolwich, London, mwaka 1963, wazazi wake wakiwa wametoka Jamaika. Ujanani alijaribiwa na klabu za Southend na Brighton, na kote hakupewa mkataba. Alipokuwa na miaka kama 19 alifungwa wiki mbili katika gereza la Chelmsford kwa makosa ya gari na faini alizokuwa hajalipa. Akatoka, akarudi kwenye vibarua na mpira wa Jumapili katika timu ya Ten-em-Bee, kisha Greenwich Borough, timu ndogo iliyowalipa wachezaji posho tu. Huko ndiko skauti wa Crystal Palace alikomwona. Agosti 1985, miezi mitatu kabla ya kutimiza miaka 22, akasaini kwa kocha Steve Coppell.

Watu hufika hapo wakasema ni bahati. Nakataa. Skauti hamwoni mtu aliyekaa kibarazani akilalamika kwamba soka lina wenyewe. Wright alikuwa anacheza mechi za ushindani kila wiki, tena za watu wazima wanaogonga kwelikweli, na alikuwa anafunga.

Na kufunga alifundishwa. Alipokuwa mtoto, darasani alikuwa msumbufu na kusoma kulimpa shida. Mwalimu Sydney Pigden akamchukua, akamfundisha kusoma na kuandika, akampa vijukumu vya shule, na uwanjani akamwambia aache kubutua: mbele ya kipa mpira unawekwa kwa utulivu, kama Jimmy Greaves, straika hodari wa England wa enzi hizo, alivyokuwa akifanya. Ile video ya wawili hao wakikutanishwa tena Highbury, uwanja wa zamani wa Arsenal, kila mchezaji wangu ameiona. Wright alikuwa ameshaambiwa mwalimu wake amefariki. Anageuka, anamkuta amesimama pale, anavua kofia papo hapo, na machozi yanamtoka mtu mzima aliyewahi kuweka rekodi ya mabao Arsenal.

Kwa hiyo, mkuu, swali langu kwako ni hili: huyo mdogo wako anamalizia vipi? Sisi mazoezini tunapiga mpira kutoka pembeni, straika anaruhusiwa kugusa mara mbili tu, na kabla ya kupiga lazima atamke kwa sauti ni kona gani ya goli anayoilenga. Mwanzoni karibu wote wanakwama kwenye kutamka, maana hawajawahi kuliangalia goli, wamezoea kuangalia mpira. Akishaweza kutamka, mguu unatulia wenyewe.

Halafu ajue kwamba kusaini si mwisho wa safari. Palace ilikuwa daraja la pili, na msimu wa kwanza Wright alifunga mabao 9 tu. Alipopangwa mbele na straika mwenzake Mark Bright ndipo moto ukawaka, na mwaka 1989 timu ikapanda daraja. Msimu uliofuata alivunjika mguu mara mbili. Bado kwenye fainali ya Kombe la FA ya Mei 1990 aliingia kutoka benchi akaifunga Manchester United mabao mawili, mechi ikaisha 3-3, ingawa Palace walilala 1-0 kwenye marudiano. Timu ya taifa aliichezea mara ya kwanza Februari 1991, dhidi ya Cameroon, akiwa na miaka 27. Septemba mwaka huohuo Arsenal wakalipa pauni milioni 2.5 kumpata, na mechi yake ya kwanza ya ligi akapiga hat-trick dhidi ya Southampton. Tarehe 13 Septemba 1997, alipoifunga Bolton mabao matatu, aliivunja rekodi ya klabu ya mabao 178 iliyokuwa ya Cliff Bastin akiwa na miaka 33. Aliondoka Highbury na mabao 185, na msimu wake wa mwisho Arsenal walibeba ligi na Kombe la FA.

Jambo moja linaniuma kila uzi kama huu unapofunguliwa, nalo ni wale madalali wanaowashauri vijana wapunguze umri kwenye vyeti. Kuna kijana wangu mmoja, winga mzuri sana, aliyekubali ushauri huo. Timu iliyomtaka ilipogundua ikamwacha, na nyingine zote zilizosikia zikamkwepa. Wright aliingia Palace na umri wake halisi. Mdogo wako ana miaka 21, na aseme 21 popote atakapokwenda.

Asiache kazi, maana mazoezi ya jioni yanatosha kwa sasa. Asajiliwe kwenye timu inayocheza ligi ya wilaya au ya mkoa, si bonanza za Jumapili peke yake, kwa sababu mechi za ligi zinaandikwa na mabao yake yatakuwa na ushahidi. Niambie mko wilaya gani na anatumia mguu upi, nitakutajia makocha wa huko ninaowaamini.