Wajumbe wa angani ni akina nani?

SWALI: Shikamoo anko. Nasoma fizikia mwaka wa tatu hapa Mbarara, lekchara katuambia tuombe shule ya kiangazi ya miale ya gamma na "wajumbe wengi". Sasa wajumbe gani tena, wa LC1, baraza la kijiji? Na mimi darubini sijawahi hata kuigusa, nitaenda kufanya nini?

JIBU: Marahaba mwanangu, hao wa LC1 umenichekesha kweli. Mjumbe hapa ni chochote kinacholeta habari toka angani, mwanga (gamma ni mwanga wenye nguvu kuliko wote, macho hayauoni), nyutrino (vichembe vinavyopenya karibu kila kitu), miale ya kosmiki (chembe zenye chaji zinazokuja kwa kasi kubwa), mawimbi ya mvutano (mitikisiko ya anga lenyewe). Tarehe 17 Agosti 2017 mitambo ya LIGO na Virgo ilinasa mawimbi ya nyota mbili za nyutroni (masalia mazito sana ya nyota zilizokufa) zikigongana, sekunde 1.7 hivi baadaye setilaiti ya Fermi ikaona mmweko wa gamma, halafu darubini zikaukuta mwanga wenyewe kwenye galaksi NGC 4993, yaani msiba mmoja, umepigiwa simu na jirani nae kaja mbio kukwambia.

Darubini isikutishe. Gamma zinazuiwa na hewa hazifiki chini, ndo maana Fermi iko juu huko tangu 2008, na data zake ni bure, unadaunlodi tu. Kuna H.E.S.S. pia, darubini za gamma za ardhini, iko Namibia, Afrika hii hii, yenyewe inavizia kale kamwanga ka bluu gamma ikigonga hewa.

Kwa hiyo kazi kubwa ni laptop. Anza Python, lugha ya kuandikia programu, leo, sio wiki ya kusafiri, na pasipoti ushughulikie mapema maana hiyo ndo huwaangusha wengi, sio fizikia.