Usiniulize Nilikuwa Namba Ngapi

Juzi kijana mmoja wa Kakamega aliniandikia ujumbe mzuri, wa heshima. "Anti, nasikia ulikimbia zile mbio ndefu za milima ya Cherangani. Mimi nimeshamaliza marathoni mbili, sasa nataka ultra. Nipe siri." Nikawa natabasamu peke yangu pale kwenye cherehani. Kisha nikafika mstari wa mwisho: "Na wewe ulikuwa namba ngapi?"

Nikaweka simu kwenye droo. Nilishona kaptura tatu za sare kabla sijaitoa tena.

Nitakujibu, mwanangu, lakini itabidi univumilie, kwa sababu nina mambo kifuani tangu Agosti. Najua wengi mnaonisoma mnataka hicho hicho anachotaka yeye. Marathoni mmeishaizoea, mnatamani kitu kinachopita kilomita 42.195, huko juu ambako hakuna lami wala mashabiki.

Kwanza mjue mimi ni nani. Nina miaka 44, nashona sare za shule hapa Nakuru, na marathoni yangu ya kasi kabisa ilinichukua saa tano na dakika kumi. Hapa kwetu ukisema unakimbia, mtu anakutazama miguu, halafu anauliza umeshinda wapi. Siku niliporudi kutoka Cherangani nikishuka ngazi kinyumenyume kwa maumivu ya mapaja, jirani yangu wa duka la pili alipiga hesabu mbele ya wateja wangu. "Saa kumi na nne na dakika hamsini na moja? Mama Yunifomu, hapo Kipchoge angekuwa amekimbia marathoni saba na bado akapata muda wa chai!" Wateja wakacheka. Nami nikacheka, ningefanyaje.

Hesabu yake ilikuwa sawa, niliirudia usiku kwa kalkuleta. Lakini Kipchoge alipokimbia saa 1:59:40 kule Vienna mwaka 2019, barabara ilikuwa tambarare kama meza yangu ya kukatia vitambaa, na kundi la wakimbiaji lilikuwa likimkinga upepo. Sisi tulikuwa na kilomita 64 za matope. Cherangani haikumwagwa na volkano kama Menengai yetu au Elgon. Ni ardhi kongwe iliyoinuliwa, na nadhani aliyeinua hakuwa na haraka, maana kila ukidhani umefika juu unakuta mwinuko mwingine umejificha nyuma.

Nilijiandaa miezi minane. Kila Jumamosi alfajiri nilipanda kutoka Milimani hadi ukingo wa Menengai. Mji uko karibu mita 1,850 na ukingo uko mita 2,278, kwa hiyo kupanda kupo, na nilijiona simba. Nilikuwa napanda nikikimbia mwanzo hadi mwisho, siku nyingine hadi nikaona nyota. Kutembea nilikuona aibu. Kama kuna kosa moja nililolifanya miezi yote minane, ni hilo.

Kosa la pili lilikuwa maji. Jumamosi moja ya jua kali nilikaa huko juu saa tano, nikanywa lita nne za maji matupu, kwa sababu kila mtu husema kunywa maji, kunywa maji. Niliporudi kichwa kilikuwa kinagonga, tumbo linakataa kila kitu, na vidole vimevimba hadi pete ya ndoa ikakwama. Nilidhani nimekauka, kumbe nilikuwa nimelowa kupita kiasi. Ukitoa jasho unapoteza chumvi, na ukijaza maji peke yake unaizimua ile iliyobaki kwenye damu. Hali hiyo ikizidi mtu huchanganyikiwa, hupata degedege, hata hufa. Tangu siku hiyo nakunywa nikisikia kiu, na chumvi natembea nayo. Pete ilitoka kesho yake kwa sabuni.

Sasa mbio zenyewe.

Tulianza saa kumi na moja alfajiri upande wa Kapcherop, watu 49, kila mmoja na tochi ya kichwani. Baridi ilikuwa ya kung'ata masikio. Mwisho wa kuingia ulikuwa saa mbili usiku, yaani tulipewa saa 15. Shikeni hiyo namba, nitairudia.

Vijana walitoka kama mbwa waliofunguliwa, na mimi, mwanamke mzima mwenye watoto watatu, nikatoka nao. Kilomita tisa za kwanza nilikimbia kila mlima. Nilimpita jamaa mmoja wa mvi aliyekuwa anatembea, mikono magotini, anavuta pumzi kwa utulivu. Nilimwonea huruma kabisa. Nikasema moyoni, pole mzee, leo umepatikana.

Kilomita ya 12, ndani ya mianzi, nilitapika. Miguu ilikuwa uji. Unapokaribia mita 3,000, kila pumzi inakupa takriban asilimia 70 ya oksijeni anayoipata mtu wa Mombasa, na mimi nilikuwa nimeitumia kama mtu aliyepata mshahara Ijumaa. Niliketi juu ya gogo lenye ukungu. Yule jamaa wa mvi akanipita, mikono magotini vilevile. "Kula kitu, dada," akasema, akaendelea. Alimaliza saa tatu na nusu mbele yangu.

Ushauri wangu wa kwanza basi, na nusura niseme ndio wa pekee: tembea. Mlima ukikutazama usoni, tembea tangu mwanzo, kabla hujachoka. Inamia kidogo mbele, sukuma mapaja kwa mikono, hatua fupi. Katika mbio hizi hata wanaoshinda hutembea miinuko mikali. Kwa hiyo kwenye mazoezi pia, jifunze kutembea haraka.

Nikiwa pale kwenye gogo ndipo mfagiaji akanifikia. Mfagiaji ni yule anayetembea nyuma ya wote kuhakikisha hakuna aliyebaki msituni. Huyu alikuwa kijana wa huko huko, mabuti ya mpira miguuni, fimbo mkononi. "Mathe, unarudi ama tunaenda?" Nikamwambia tunaenda. "Basi twende polepole, giza halina mtu." Kuanzia hapo hadi mwisho tulikuwa wawili.

Kilomita ya 13 hadi ya 30 sina la kusimulia. Ni kutembea.

Juu kabisa, msitu unapoisha na kuanza nyasi, kondoo na mashamba ya viazi, tulikuta bibi mmoja amekaa nje ya nyumba yake. Huko bibi huitwa kogo. Alinitazama kwa muda mrefu, akauliza kitu kwa lugha yake, mfagiaji akacheka na kunitafsiria: "Anauliza, nani anakufukuza?" Nikasema hakuna, kogo. Akaingia ndani, akatoka na viazi vya kuchemsha, chumvi kidogo kwenye karatasi, na kikombe cha mursik, yale maziwa ya kuchachushwa, kutoka kibuyuni. Kwenye mfuko wangu nilikuwa na peremende za kununua, zile za kukupa nguvu, ambazo tumbo lilishazikataa tangu asubuhi. Vile viazi vilishuka kama dawa. Baada ya robo saa nilikuwa mtu tena.

Nilijifunza kula hapo. Kula kabla ya njaa, kidogokidogo, kila nusu saa, na kula vitu ambavyo tumbo lako linavijua tangu utoto. Viazi, ndizi, njugu zenye chumvi, chapati iliyokunjwa. Usijaribu chakula kipya siku ya mbio. Nimeshonea mfuko wa kiunoni mwenyewe, kwa mabaki ya kitambaa cha mikoba ya shule na lastiki ya inchi mbili, una vyumba vitatu na zipu haigusi ngozi. Ile mifuko ya dukani ilinichubua mgongo hadi damu. Na mpake vaselini popote ngozi inapokutana na ngozi. Sitafafanua zaidi.

Saa nane mchana mvua ya mawe ikatushukia. Hakuna pa kujificha huko juu, unainamisha kichwa tu na kuhesabu hatua. Vidole vilikufa ganzi hadi mfagiaji ndiye aliyenifungia zipu ya koti. Koti lenyewe nusura niliache nyumbani kwa sababu Nakuru kulikuwa na jua. Tafadhali, beba koti.

Kushuka ndiko kulikonimaliza. Watu huogopa kupanda, kumbe paja linachanika wakati wa kuteremka, kwa kuzuia mwili usitumbukie. Kucha mbili za miguu zilikuwa nyeusi kufikia jioni, kwa kuwa viatu vyangu vya mitumba vilikuwa saizi yangu kamili. Chukua iliyozidi kidogo.

Giza likaingia. Tukawasha tochi. Mfagiaji alijaribu kupiga simu kuwaambia tunakuja, mtandao hakuna. Kwenye mwinuko wa mwisho alianza kuimba kwa sauti ya chini, na mimi nikawa natembea kwa mdundo wake.

Tulipotokea uwanjani ilikuwa saa mbili kasoro dakika tisa. Saa 14 na dakika 51. Lile lango la kujazwa upepo lilikuwa limelala chini kama ng'ombe aliyechinjwa, vijana wawili wanalikunja. Meza hakuna. Muziki hakuna. Mmoja akanimulika. "Aki pole, mum. Tulidhani mmeisha wote." Nikamwambia, "Mlisema saa mbili." Akatazama lori.

Medali zilikuwa zimeondoka na gari la kwanza.

Sikulia hapo. Nililia kwenye matatu, baada ya Eldoret. Na ninyi mnaoandaa mbio, mnaopenda kupiga picha za mshindi akikata utepe, yule wa mwisho amelipa ada ileile. Amekaa kwenye baridi yenu mara mbili ya muda wa mshindi. Saa mliyoitangaza ni ahadi. Mimi nikimwambia mzazi sare itakuwa tayari Ijumaa jioni, silifungi duka Ijumaa adhuhuri kwa kudhani haji. Na ninyi vijana mnaouliza namba, kuna watu 11 walioanza na hawakumaliza, wengi wao wenye kasi kuliko mimi, na wengi wao, nina hakika, waliokataa kutembea. Hata biashara huanzwa hivyo siku hizi, mtu anakimbia mlima wa kwanza ili aonekane, na kufikia mwezi wa tatu yuko kwenye gogo anatapika. Basi, nimeanza kuhubiri. Mume wangu husema nikishika mkasi na hasira kwa pamoja, kitambaa ndicho huumia.

Medali ilikuja baada ya wiki tatu, kama kifurushi cha matatu. Nililipa shilingi 150 stejini kuichukua. Iko hapa kwenye msumari, pamoja na futi ya kupimia, na mara nyingine nikivuta futi inaanguka.

Kijana wa Kakamega, nilikuwa namba 38 kati ya 38. Agosti narudi, na yule mfagiaji ameniambia safari hii atabeba kibuyu mwenyewe. Kama unakuja, nitumie kipimo cha kiuno chako nikushonee mfuko. Pima ukiwa umevaa fulana, si tumbo wazi.