Namba ndefu ya 255

Shikamoo mwalimu. Nitajuaje kama namba ndefu inagawanyika kwa 7 bila kikokotoo? (Mwanafunzi wa kidato cha pili, Mbagala)

Marahaba. Njia ipo, na inakupa 11 na 13 kwa mkupuo mmoja. Kata namba tarakimu tatu tatu kuanzia kulia, kisha toa na jumlisha kwa zamu. Chukua 63,540,526: 526 toa 540 jumlisha 63 ni 49. Kwa kuwa 49 inagawanyika kwa 7, namba nzima inagawanyika. Kwa 11 na 13 inabakiza. Siri iko kwenye 1001, ambayo ni 7 × 11 × 13.

Habari mwalimu. Nasajili laini za simu Kariakoo, kutwa nzima naiona 255 mbele ya namba za wateja. Nikiiandika mara nne napata 255255255255, tarakimu kumi na mbili kama namba ya simu yenyewe. Ina vigawo vingapi?

Nzuri, ndugu yangu. Swali lako limenifurahisha mno. Usikimbilie kugawanya, itazame kwanza ilivyojengwa. 255 × 1001 ni 255255. Hiyo nayo ukiizidisha kwa 1000001 unapata namba yako. Sasa vunja kila kipande: 255 ni 3 × 5 × 17, 1001 tumeshaiona, na 1000001 ni 101 × 9901. Jumla namba tasa nane (zile zisizogawanyika ila kwa 1 na zenyewe), kila moja imeingia mara moja tu. Na angalia: kuanzia 3 hadi 17 zimo zote, hakuna hata moja iliyorukwa! Sijui namba nyingine ya mtaani kwetu iliyopangika hivi.

Ukitaka kuunda kigawo, kila namba tasa ama unaichukua ama unaiacha. Njia mbili, mara nane: 2 × 2 × 2 × 2 × 2 × 2 × 2 × 2 ni 256. Vigawo 256, yaani 255 na kimoja juu.

Ila ukiandika 255 mara sita, hesabu hiyo haifai tena. Tarakimu zake zinajumlika kuwa 72, kwa hiyo inagawanyika kwa 9, na 3 imeshaingia zaidi ya mara moja.

Je, 1 ni namba tasa? (Mama wa mwanafunzi wa darasa la sita, Kigamboni)

Hapana, mama. Namba tasa ina vigawo viwili, yenyewe na 1. Hiyo 1 inacho kimoja tu.

Kabla ya kompyuta, namba kubwa zilivunjwaje? (Msomaji, Sinza)

Kwa kalamu na subira. Mwaka 1644 Marin Mersenne wa Ufaransa aliandika kwamba 2 kipeo cha 67, ukitoa 1, ni namba tasa. Mwaka 1876 Édouard Lucas akathibitisha kuwa si tasa, bila kuonyesha kigawo chake hata kimoja. Vigawo vyenyewe alivitangaza Frank Nelson Cole huko Marekani, Oktoba 1903: namba hiyo, yaani 147573952589676412927, ni 193707721 × 761838257287. Kuzizidisha hizo mbili kwa mkono unamaliza jioni moja, jaribu. Kutoka kwa Lucas hadi kupatikana kwa vigawo hivyo ilipita miaka 27.