Seliaki na lebo za vyakula: ninavyokula salama hapa Mtwara

Mwaka juzi kaka yangu alitoka Dar na pakiti mbili za biskuti. Alizitafuta kwa moyo, maana anajua tangu nigundulike na ugonjwa wa seliaki sigusi andazi wala chapati. Mbele ya pakiti pameandikwa kwa herufi kubwa "wheat free", haina ngano. Nikafurahi, nikala nne na chai ya rangi. Usiku tumbo likajaa kama ngoma, na siku tatu zilizofuata choo kilikuwa changu. Nilipopata nguvu nikasimama na ile pakiti dirishani, nikafuata maandishi madogo ya nyuma kwa kidole, neno kwa neno. Kiungo cha tano kilikuwa "barley malt", kimea cha shayiri.

Pakiti haikusema uongo. Ngano haikuwamo. Lakini kinachonidhuru ni gluteni, protini iliyomo kwenye ngano, nayo imo pia kwenye shayiri na kwenye rai, nafaka ya nchi za baridi ambayo sisi tunaikuta kwenye mikate na biskuti za kuagizwa tu. Kwa hiyo mwenye seliaki asiridhike na "wheat free". Neno la kutafuta ni "gluten free". Na jambo jingine nililojifunza kwa kuumia: sheria ya Marekani inamlazimisha mwenye kiwanda ataje ngano waziwazi kama kitu chenye mzio, lakini shayiri na rai hazimo kwenye orodha hiyo. Za Ulaya zinataja nafaka zote zenye gluteni, tena kwa herufi zilizokolezwa. Ukishika pakiti, angalia kwanza imetoka wapi.

Kwa anayekutana na jina hili leo: seliaki si tumbo kukataa chakula fulani tu. Kinga ya mwili ikikutana na gluteni inageuka na kushambulia utumbo mwembamba wenyewe. Vile vinyweleo vya ndani vinavyofyonza chakula vinalala, unakula vizuri na mwili haupati kitu. Mimi nilitibiwa upungufu wa damu miaka minne. Nilimeza vidonge vya kuongeza damu na dawa za minyoo mpaka nikachoka, na kila asubuhi nilikuwa nakula maandazi mawili yaliyokuwa yananimaliza. Dawa ya kuiponya haipo. Unaacha gluteni maisha yako yote, basi.

Maandishi "gluten free" yana kipimo nyuma yake. Kanuni ya Marekani ya 2013 na ya Ulaya ya 2014 zote zimesimama kwenye kiwango kimoja: gluteni isizidi miligramu 20 katika kilo moja ya chakula. Ndicho pia kiwango cha Codex, ile tume ya kimataifa ya viwango vya chakula. Nilikaa na namba hiyo nikaipigia hesabu ya jikoni. Punje moja ya ngano ina uzito wa miligramu 40 hivi, na sehemu kama moja ya kumi ndiyo gluteni. Ina maana punje tano tu ndani ya kilo nzima zinakufikisha mpakani. Kijiko kimoja cha chai cha unga wa ngano kinatosha kuharibu kilo kumi za unga mwingine.

Hesabu hiyo ndiyo iliyonipeleka mashineni.

Sisi watu wa Kusini chakula chetu kingi hakina gluteni tangu asili. Muhogo, mtama, ulezi, mchele, mbaazi, kunde, ming'oko, samaki, nazi, korosho: vyote ruhusa. Nilipoambiwa niache ngano nilidhani nimemaliza, nitakula ugali wangu wa muhogo na kisamvu. Bado tumbo likawa linanisumbua kila baada ya wiki mbili tatu. Siku moja nimepeleka makopa kusaga, nikamuuliza kijana wa mashine, "Mwanangu, kabla yangu umesaga nini?" Akajibu, "Lishe ya yule dada, mama." Unajua unga wa lishe: mahindi, ulezi, soya, karanga, na wengi wanatia ngano. Nikamwomba afungue kifuniko. Kwenye kona za chekeche vumbi limeganda, unalikwangua kwa ukucha. Hilo vumbi ndilo lilikuwa linaingia kwenye debe langu, na hakuna lebo ya kuniambia.

Sasa tumeelewana. Jumamosi nafika kabla ya watu wote, anafungua, anapiga brashi, kisha kilo mbili za kwanza za makopa yangu zinapita kama za kuoshea. Hizo nazilipia, na kuku ndio wanaozila. Zinazofuata ndizo zangu. Kama una kinu na nguvu za kutwanga, ni bora zaidi.

Vya kununua mtaani, uliza hata kile unachokijua. Vitumbua ni mchele, lakini wapo wanaoongeza ngano ili viungane. Chipsi ni viazi, ila huenda mafuta yale yale yamekaanga sambusa. Viungo vya mchuzi vya pakiti na sosi ya soya, soma nyuma. Tambi ziache. Mwezi wa Ramadhani kwangu ndio mwepesi kuliko yote, maana futari ya muhogo wa nazi na magimbi haina shida. Nazikwepa kaimati tu.

Na wewe unayejihisi una dalili hizi, tafadhali usiache ngano kabla ya kupima. Mimi niliacha kwa ushauri wa jirani, nikafika Dar kwa daktari, akaniambia kipimo cha damu kinaweza kutoka safi na kunidanganya, kwa sababu kinatafuta askari wa mwili wanaoamka gluteni inapoingia. Nikarudi kula mkate kila siku wiki sita, nikiugua huku najua kinachoniumiza, ndipo nikapimwa damu, kisha nikaingizwa kamera mdomoni na kukatwa kinyama kidogo cha utumbo. Ukithibitishwa, wapime na watoto wako na ndugu zako wa tumbo moja, kwani ugonjwa huu unatembea ndani ya familia. Binti yangu majibu yake yalikuwa safi, na tutayarudia.

Bagia ndizo nilizozililia zaidi. Bibi wa mtaani kwetu anazikaanga kwa kunde, na anatia konzi moja ya ngano zishikane. Nilikwenda nikamwamkia, nikamweleza yote mpaka ya kinyama cha utumbo. Akanyamaza, akauliza, "Konzi moja tu, mwanangu?" Nikamwambia hata nusu kijiko, bibi. Siku hizi jioni nampelekea kunde zangu nilizosaga mwenyewe kwenye jiwe, na asubuhi, mafuta yakiwa mapya na karai limesuguliwa, zangu ndizo za kwanza kuingia.