Andika uamuzi wako kabla hujaiona data: kwa wanaoanza utafiti wa saikolojia ya jamii Mombasa

Wasaidizi wapya wa utafiti wanaokuja kwangu, wengi wao wakiwa kwenye tasnifu ya kwanza, huanza kwa kuuliza wajifunze programu gani ya takwimu. Programu mtaizoea kwa wiki chache. Kazi yenyewe iko kabla yake: kuandika unatafuta nini, utakipima vipi, utahoji watu wangapi, nani utamtoa kwenye hesabu na kwa sababu gani. Hayo yawe yameandikwa na kutiwa tarehe kabla dodoso la kwanza halijajazwa. Huo ndio usajili wa awali. Sisi tunauweka OSF, hifadhi ya mtandaoni ya Center for Open Science, ambako ukishasajili huwezi kurudi kimyakimya ukabadilisha ulichosema.

Nalishikilia sana jambo hili, na sababu zipo.

Mwaka 2011 Joseph Simmons, Leif Nelson na Uri Simonsohn walichapisha makala katika jarida la Psychological Science. Waliwasikilizisha wanafunzi wa chuo nyimbo, kisha wakaonyesha kitakwimu kwamba waliosikia wimbo wa Beatles unaohusu uzee walikuwa wadogo kwa karibu mwaka mmoja na nusu kuliko wenzao. Hawakusema wanafunzi hao walijiona wadogo. Walisema umri wenyewe ulipungua, jambo lisilowezekana. Wala hawakughushi hata namba moja. Walichungulia matokeo huku wakiendelea kukusanya data, wakanyamaza kuhusu vipimo vingine walivyochukua, wakaingiza umri wa baba wa mshiriki kwenye hesabu kwa kuwa ndio ulioleta jibu. Watafiti wengi waadilifu walikuwa wakifanya hayo hayo. Simmons na wenzake walikokotoa kwamba uhuru mdogo mdogo wa aina hiyo, ukijumlishwa, unaweza kupandisha uwezekano wa kupata jibu la uongo kutoka asilimia 5 hadi kupita asilimia 60.

Miaka minne baadaye kundi kubwa la watafiti lililoratibiwa na Brian Nosek lilitoa matokeo ya kurudia tafiti 100 za saikolojia. Katika tafiti za awali, 97 zilikuwa zimetoa jibu lenye uzito wa kitakwimu, yaani lisiloelekea kuwa bahati tu. Katika marudio ni asilimia 36 tu, na ukubwa wa athari kwa wastani ulishuka hadi nusu. Saikolojia ya jamii, fani yetu hii, ilifanya vibaya kuliko saikolojia ya utambuzi, ile inayochunguza kumbukumbu na fikra. Jifunzeni kulisema hilo bila kutafuna maneno.

Sasa tuje hapa nyumbani. Tuseme unataka kujua kama mtu aliyetoka kusaidiwa huwa mwepesi kumsaidia mgeni, na umechagua kivuko cha Likoni. Je, utahesabu watu wa saa moja asubuhi wanaowahi kazini pamoja na wa saa nne walio na nafasi? Ijumaa karibu na saa saba utakuwepo au hutakuwepo? Mwezi wa Ramadhani utaanguka ndani ya wiki zako za kukusanya? Mtu akiinua mzigo wa mwenzake, akapiga hatua mbili, akautua kwa sababu lango limefunguliwa na umati unasukuma, huo ni msaada au si msaada? Na mshiriki aliyemtambua msaidizi wako kwa kuwa wanaishi mtaa mmoja Mtongwe, abaki kwenye hesabu au atoke? Hayo ni maswali matano. Kila moja likiwa na majibu mawili tu yenye mantiki, tayari una njia 32 za kuichambua data ile ile. Ukisubiri kuamua baada ya kuona namba, mkono utaegemea penye jibu tamu, hata ukiwa mtu mwaminifu. Ndiyo maana nasema amua ukiwa bado hujui.

Kuhusu kufungua data, yaani kuwaachia watafiti wengine waikague, mfano ninaoupenda ni wa Kenya, ingawa ulitoka kwa wanauchumi. Edward Miguel na Michael Kremer walifuatilia dawa za minyoo katika shule 75 za Busia, na mwaka 2004 wakachapisha kwamba utoro ulipungua, na kwamba hata watoto wa jirani ambao hawakupewa dawa walinufaika kwa kuwa maambukizi yalipungua. Baadaye waliwakabidhi watafiti wengine data pamoja na maagizo ya kompyuta waliyotumia. Mwaka 2015 marudio ya uchambuzi huo yalichapishwa, na makosa yakaonekana, mojawapo likiwa kwenye namna shule za jirani zilivyohesabiwa. Madai ya manufaa kufika shule za mbali zaidi yalidhoofika. Ukazuka ubishi mkali, hadharani, watu wakijibizana kwa namba, kuhusu kipi kimesimama na kipi kimeanguka. Kremer alikuja kuwa mmoja wa washindi watatu wa Nobeli ya uchumi mwaka 2019. Mimi nawaheshimu wawili hawa kwa kukabidhi faili. Data ingefungiwa kabatini, kosa lile lingekuwa bado linanukuliwa hadi leo.

Basi tunzeni faili kana kwamba mgeni ataifungua kesho. Faili ghafi haiguswi kamwe, fanyia kazi nakala. Kila safu ielezwe katika karatasi ya maelezo: jina lake, swali lililoulizwa neno kwa neno, na maana ya kila namba. Wengi hujaza 99 pale mshiriki alipokataa kutaja umri. Asiyeambiwa atapiga wastani, na ghafla wachuuzi wa soko la Kongowea watakuwa wazee kupindukia. Kosa kama hilo halipigi kelele, hukaa tu ndani ya jedwali.

Wengine huona kurudia utafiti wa mtu ni kazi ya daraja la pili. Sikubaliani kabisa. Mwaka 2010 Joseph Henrich na wenzake walikumbusha kwamba asilimia 96 ya washiriki katika majarida makubwa ya saikolojia walitoka nchi zenye asilimia 12 tu ya watu wote duniani. Kurudia hapa Mombasa ni kazi inayohitajika. Lakini marudio yakigoma, usikimbilie kuandika kwamba sisi Waafrika tuko tofauti. Mradi wa Many Labs 2, uliochapishwa mwaka 2018, ulipima athari 28 katika nchi na maeneo 36. Takriban nusu zilisimama, na zilizoanguka zilielekea kuanguka karibu kila mahali. Kwanza hakikisha kipimo chako kimefanya kazi. Kaa na watu kadhaa kabla ya utafiti, wasomee swali, waombe wakueleze wamelielewaje. Kipimo cha moja hadi saba kinachomwelea mwanafunzi kinaweza kumchanganya mama wa makamo anayejibu huku akipima nyanya.

Usipopata athari, andika hivyo hivyo. Jarida la Cortex lilianza mwaka 2013 kupokea ripoti zilizosajiliwa, ambapo swali na mbinu hupimwa na kukubaliwa kabla ya matokeo kujulikana, na leo mamia ya majarida yanafanya hivyo. Kwa tasnifu, zungumza na msimamizi mapema, kwa heshima: "Mwalimu, naomba tukubaliane leo kwamba tutaripoti matokeo yoyote yatakayotoka." Mwombe aidhinishe mpango kwa maandishi. Ni rahisi kuliko kuvutana naye mwezi wa mwisho.

La mwisho ni watu wenyewe. Kufungua data si kumwanika mtu. Katika Mji wa Kale, ukiandika mwanamke wa miaka 71, muuza mahamri, pamoja na jina la mtaa wake, umeshamtaja, hata kama jina umelifuta. Weka umri kwa makundi, ondoa mtaa, unganisha kazi zinazofanana, kisha mpe faili mwenzako mzaliwa wa hapo ajaribu kumtambua mtu. Akimtambua hata mmoja, faili haitoki. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inakubana, na kibali cha utafiti cha NACOSTI, tume ya taifa ya sayansi, teknolojia na ubunifu, hakikuondolei wajibu huo. Fomu ya ridhaa nayo iseme wazi, kwa Kiswahili cha kawaida, kwamba majibu yasiyo na utambulisho yatawekwa mahali ambapo watafiti wengine watayasoma. Sentensi hiyo iwemo tangu siku ya kwanza, maana abiria wa feri akishavuka, hutampata tena kumwomba ruhusa.