Kiziwi achague hedifoni gani ili auhisi muziki?

Ndugu, umesema husikii masikio yote mawili na unatafuta hedifoni za kukufanya uuhisi mdundo. Sifa za "sauti safi" zipuuze. Uliza kama ndani kuna kitetemeshi. Skullcandy Crusher wanacho, pamoja na swichi ya kutelezesha kwa ajili ya besi peke yake, hivyo unapandisha mtetemo huku sauti umeiacha chini. Kama bado una usikivu kidogo, hilo ni muhimu: kufungulia sauti hadi mwisho ili utikisike kunaweza kuumaliza.

Zile za mfupani zinasifiwa sana, ila kwako huenda ni hasara. Hupitisha sauti kwenye mfupa hadi koklea, kile kiungo cha ndani ya sikio kinachopokea sauti. Koklea ikiwa ndiyo mbovu, utaambulia mtekenyo shavuni tu.

Kajaribu dukani kwa simu yako. Cheza wimbo wa ngoma nzito, kisha wa gitaa na mwimbaji. Ngoma utaipata, mwimbaji atakupita, maana vitetemeshi hivi hushika masafa ya chini, yaani sauti nzito za besi. Vikombe vibane vizuri. Rasta nene au kilemba kikiviinua, mtetemo hupotea. Pesa ikiruhusu, mkanda wa Woojer wa kufunga mwilini hutikisa kifua chenyewe.